Treni ya mfano ikizimika, tuanze kwenye waya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua ili nirekebishe ushauri uliotolewa na makala ya ukurasa wenu wa sayansi na ufundi wiki mbili zilizopita, iliyohusu treni za mfano zinazoendeshwa kwa udhibiti wa kidijitali. Mwandishi alieleza vizuri raha ya kazi hii, na picha zilipendeza. Lakini alipofika kwenye swali ambalo kila mwenye meza ya reli hukutana nalo siku moja, yaani afanye nini treni inapozimika ghafla, alitoa majibu mawili tu: abadilishe dikoda, yaani kompyuta ndogo iliyomo ndani ya kichwa cha treni inayopokea amri, na kama tatizo litaendelea, anunue chanzo cha umeme chenye ampea nyingi zaidi. Jibu la kwanza litampotezea msomaji fedha. La pili linaweza kumyeyushia treni, na pengine kumchomea meza.

Nasema haya nikiwa mtu aliyefanya kazi ya ishara za reli hadi kustaafu, na ambaye kwa miaka saba sasa anayo meza ya reli ya mfano katika chumba cha nyuma cha nyumba yake hapa Tanga. Vifaa vya kwanza aliniletea mwanangu kutoka Hamburg. Ni vya kipimo kinachoitwa HO, ambacho hupunguza kila kitu mara 87, na upana wa njia yake ni milimita 16.5. Wasomaji wenye kupenda hesabu watagundua kwamba reli yetu ya Tanga, ambayo upana wake ni mita moja, ikipunguzwa kwa uwiano huo ingepata milimita 11 na nusu; kwa hiyo stesheni yangu, ingawa nimeiandika Korogwe kwa mkono wangu, kwa vipimo imejengwa juu ya reli ya kisasa ya milimita 1,435. Wajukuu hawajalalamika.

Ili hoja yangu ieleweke ni lazima kwanza niseme jinsi umeme unavyofanya kazi katika mfumo huu. Katika treni za mfano za zamani, mwendeshaji alikuwa akiongeza au kupunguza volti relini, na kila kichwa cha treni kilichosimama juu ya reli hiyo kiliongeza au kupunguza mwendo pamoja na vingine. Mfumo wa kidijitali unaotumiwa zaidi leo, ambao ulitokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani na ukafanywa kuwa kanuni za pamoja na NMRA, chama cha wapenzi wa reli za mfano cha Marekani, katika miaka ya 1990, unafanya kinyume. Umeme upo relini wakati wote kwa kiwango kilekile, ambacho kwa kipimo cha HO ni takriban volti 14 hadi 16, nao hugeuka upande maelfu ya mara kwa sekunde. Amri zimo ndani ya kule kugeuka kwenyewe: kila nusu ya mgeuko ikichukua maikrosekunde 58, dikoda husoma moja, ikichukua maikrosekunde 100 au zaidi, dikoda husoma sifuri. Moja na sifuri hizo hupangwa kuwa ujumbe mfupi wenye anwani ya kichwa cha treni, amri yenyewe, na namba ya kuhakiki mwishoni. Namba ya kuhakiki isipolingana na yaliyotangulia, dikoda huutupa ujumbe ule na kungoja mwingine.

Kwa maneno mengine, reli zilezile mbili hubeba chakula na barua kwa pamoja. Hapo ndipo mwandishi wenu alipoteleza. Katika mfumo wa zamani, kiungo kibovu kilijionyesha chenyewe, kwa kuwa treni ilipunguza mwendo ilipokikaribia na kuongeza ilipokipita. Katika mfumo wa kidijitali, dikoda ni kompyuta ndogo; inastahimili upungufu wa volti kwa muda bila kuonyesha dalili yoyote, kisha umeme ukikatika kwa kitambo kidogo tu inazimika kabisa na kulazimika kuanza upya. Mtazamaji anaona treni iliyokuwa ikienda vizuri imesimama ghafla, taa zimezimika na kuwaka tena, na anahitimisha kwamba kompyuta imeharibika. Kwa miaka yangu saba nimebadilisha dikoda mbili tu zilizokuwa zimekufa kweli, na zote mbili niliziua mwenyewe. Hitilafu nyingine zote, na sikuzihesabu kwa sababu ni nyingi, zilikuwa za shaba, viungo na uchafu.

Nije sasa kwenye suala la ampea, ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kifaa kinachosukuma umeme relini, ambacho wenye mchezo huu hukiita busta, huwa na kinga ya kukata umeme mkondo unapozidi kiwango kilichowekwa, tuseme ampea 5. Ampea 5 kwa volti 15 ni wati 75. Pasi ya kulehemu ya fundi redio huwa na wati 30 au 40. Fikiria basi pasi mbili za kulehemu zimewekwa juu ya gurudumu moja dogo lililopanda upande usiofaa na kuunganisha reli mbili. Plastiki inayoshika ekseli haitachukua muda mrefu kulainika. Ukinunua busta ya ampea 10, umeongeza joto hilo mara mbili kabla kinga haijaamka. Chanzo chenye ampea nyingi kinahitajika pale tu ambapo treni nyingi zinatembea kwa wakati mmoja, na hata hapo ni afadhali kuigawa meza katika maeneo na kila eneo kuwa na kinga yake ndogo.

Lipo jambo baya zaidi ambalo watu wengi hawalitarajii. Kinga hukata pale inapoona mkondo mkubwa, na mkondo mkubwa hautapita mahali penye waya mwembamba na viungo vyenye kutu. Ukinzani, yaani jinsi njia inavyouzuia umeme kupita, ukifika omu 3 tu kwa njia nzima, shoti ya moja kwa moja kwenye volti 15 haiwezi kuvuta zaidi ya ampea 5. Busta inadhani kuna treni kadhaa zinazofanya kazi kwa bidii, nayo inaendelea kulisha ile shoti kwa utulivu. Mtu aliyefuata ushauri wa makala yenu na kufunga busta ya ampea 10 juu ya nyaya za namna hiyo amejitengenezea hita.

Kipimo cha hatari hii kinagharimu shilingi mia mbili, na fedha yenyewe unabaki nayo. Washa umeme, ondoa treni zote, chukua sarafu na uilaze juu ya reli zote mbili mahali palipo mbali kabisa na busta, kisha rudia kwenye kila eneo la meza. Kila mara busta inapaswa kukata mara moja. Mahali ambapo haikukata, inua sarafu haraka na uzime umeme, kwa sababu umepata mahali pa kuanzia kazi. Mimi hufanya zoezi hili kila baada ya kubadilisha kitu chochote chini ya meza, hata waya mmoja.

Kuhusu unene wa nyaya, hesabu ni rahisi na sioni kwa nini wasomaji wanyimwe. Meza yangu ina urefu wa mita 4, lakini waya unaopita chini yake kwa kuzunguka nguzo na pembe hufika mwisho ukiwa umesafiri mita 10, na kwa kuwa umeme huenda na kurudi, ni mita 20 za shaba. Shaba yenye unene wa milimita za mraba 0.5, kama ile iliyokuja ndani ya boksi, ina ukinzani wa karibu omu 0.7 kwa urefu huo. Treni zikivuta ampea 3, volti 2 zinapotea njiani. Shaba ya milimita za mraba 2.5, ule waya wa kawaida wa soketi za nyumbani unaopatikana katika kila duka la vifaa vya umeme, hupoteza volti 0.4 tu. Kwa hiyo nyaya zangu kuu mbili, nyekundu na nyeusi, ni za soketi, na kutoka kwenye hizo nimeshusha nyaya ndogo fupi, zisizozidi sentimita 30, hadi kwenye kila kipande cha reli. Nasisitiza kila kipande. Watu huniuliza kwa nini nisiache vile vibati vinavyounganisha kipande kimoja na kingine vifanye kazi hiyo.

Jibu langu linatoka kazini. Katika reli kubwa, ishara nyingi hutegemea mkondo mdogo unaopitishwa ndani ya reli zenyewe: treni ikiingia katika kipande fulani, magurudumu na ekseli zake huunganisha reli ya kulia na ya kushoto, relei, yaani swichi inayoshikiliwa na mkondo huo, inaanguka, na taa ya ishara iliyoko njiani nyuma ya treni hiyo inakuwa nyekundu. Kama mkondo huo ungetegemea vile vyuma vinavyofungwa kwa bolti kwenye maungio ya reli, taa zingekuwa nyekundu siku nzima kwa sababu ya kutu. Ndiyo maana katika kila ungio huwekwa waya unaoruka kutoka reli moja hadi ya pili. Tulikuwa tukizikagua nyaya hizo kwa miguu, kilomita kwa kilomita, na waya mmoja uliokatika ulitosha kusimamisha treni porini. Sasa, ikiwa chuma kinene kilichokazwa kwa bolti hakiaminiki, kibati chembamba kama ganda la kitunguu kitaaminiwa vipi, tena hapa pwani, ambako hewa ya chumvi hukigeuza rangi ya kijani katika misimu miwili? Reli nyingi za mfano za siku hizi ni za aloi ya shaba, nikeli na zinki. Aloi hiyo haishiki kutu kwa urahisi, lakini inapitisha umeme vibaya kuliko shaba tupu, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoitegemea kwa masafa marefu.

Uchafu nitautaja kwa kifupi. Futa reli na magurudumu kwa kitambaa kilicholowa spiriti. Msasa usiguse reli, kwa kuwa mikwaruzo yake ndiyo nyumba ya uchafu wa kesho.

Treni inapozimika, basi, swali la kwanza la kujiuliza ni moja tu: je, hitilafu inafuata treni au inafuata mahali? Kichwa kimoja kikizimika kila mahali huku vingine vikipita salama, tatizo limo ndani ya kichwa hicho, na mara nyingi ni magurudumu machafu au vile vibati vinavyogusa magurudumu ili kuchukua umeme. Vichwa vyote vikizimika mahali pamoja, tatizo ni la mahali hapo, na kubadilisha dikoda ni sawa na kubadilisha dereva kwa sababu barabara ina shimo. Swali la pili ni la taa. Taa zikizimika pamoja na mota, umeme haukufika. Taa zikibaki zimewaka lakini treni haitii, umeme umefika na tatizo linaweza kuwa la anwani au la ujumbe. Taa zikitii, zikiwashwa na kuzimwa kwa amri, lakini mota imekaa kimya, hapo ndipo kwa mara ya kwanza mtu ana haki ya kufungua kichwa cha treni na kutazama mota na dikoda.

Kwa shoti ambayo haijulikani iko wapi, njia niliyojifunza kwa mabwana zangu wa kazi ni kugawa nusu kwa nusu. Meza yangu ina maeneo 16. Natenganisha manane, shoti ikiendelea, imo katika manane yaliyobaki, na ikitoweka, imo katika yale niliyoyatoa. Kisha manne, kisha mawili, kisha moja. Hatua nne zinatosha, wakati anayekagua kwa kubahatisha anaweza kuchana meza nzima usiku kucha. Ili kazi iwe salama zaidi, ninaunganisha balbu ya breki ya gari, ya volti 12 na wati 21, katikati ya busta na eneo ninalolishuku. Eneo likiwa zima, balbu haionyeshi chochote na treni inapita. Likiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu, mkondo unabaki karibu ampea 2, na sehemu nyingine za meza zinaendelea kufanya kazi. Balbu hizo hupatikana kwa kila muuza vipuri vya magari, na sijawahi kuona kifaa cha bei hiyo kinachosema ukweli kwa uwazi namna hiyo.

Naomba nisimulie hitilafu moja iliyonisumbua kwa wiki tatu, maana inaonyesha kwa nini sikubaliani na haraka ya kununua. Kila siku, kati ya saa nane na saa kumi alasiri, busta ilikata umeme. Asubuhi hakuna tatizo, usiku hakuna tatizo. Mwanangu, kwa simu, alishuku umeme wa gridi. Jirani yangu alishuku mjukuu. Mimi nilishuku busta yenyewe kuzidiwa na joto, nikaiwekea feni, na siku iliyofuata ikakata saa nane na robo. Nilipoanza kugawa nusu kwa nusu, tena ilinilazimu kufanya hivyo wakati wa alasiri tu kwa kuwa asubuhi hapakuwa na cha kutafuta, nilifika kwenye mpaka wa maeneo mawili karibu na stesheni. Hapo nilikuwa nimekata reli kwa msumeno mwembamba ili kuyatenganisha maeneo hayo, na nafasi iliyobaki ilikuwa kama nusu milimita. Asubuhi niliiona. Alasiri, chini ya paa la bati lisilo na dari, haikuwepo.

Reli ilikuwa imerefuka. Kipande cha mita 3 cha aloi ile, joto likipanda nyuzi 15, hurefuka takriban robo tatu ya milimita, na kwa kuwa upande wa pili kilikuwa kimebanwa, urefu wote ulielekea kwenye ule mwanya na kuufunga. Maeneo mawili ambayo hayakupaswa kugusana yakagusana. Ndugu Mhariri, nilitumia zaidi ya miaka thelathini katika shirika ambalo kila mfanyakazi wake, tangu mkata nyasi, anajua kwa nini reli huachiwa nafasi kwenye maungio, na bado nilichukua wiki tatu kulikumbuka hilo nyumbani kwangu. Dawa ilikuwa kipande cha plastiki cha kadi ya simu ya zamani, nilichokichonga kwa kisu na kukibandika ndani ya mwanya kwa gundi. Tangu hapo saa nane hupita bila habari.

Zipo hitilafu ambazo si za kutu wala za joto bali za ramani ya njia yenyewe, na hizi wajenzi wapya hawazioni kirahisi. Mjukuu wangu mkubwa aliwahi kuongeza kitanzi mwishoni mwa njia ili treni izunguke na kurudi ilikotoka, jambo la akili kabisa, lakini kila treni ilipomaliza kuzunguka, busta ilikata. Fuata reli ya kulia kwa kidole ukiingia katika kitanzi na utaona kwamba unapotoka imekutana na reli ya kushoto. Ni shoti iliyojengwa kwa mikono safi. Tiba yake ni kutenganisha reli zote mbili kwenye ncha zote mbili za kitanzi, kuhakikisha sehemu iliyotengwa ni ndefu kuliko treni, na kuilisha kupitia kifaa maalumu kinachogeuza nyaya chenyewe treni inapovuka. Wenye treni za reli tatu za Märklin, kampuni ya Ujerumani, hawana tabu hii, kwa kuwa reli mbili za nje ni waya mmoja na umeme wa pili hupita katikati. Vilevile kwenye pointi, pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, kipo kipande cha chuma ambapo reli mbili hukutana kama ncha ya herufi V. Kipande hicho ni lazima kibadilishe upande wake wa umeme kila pointi inapogeuzwa, na swichi yake ikichelewa au ikichakaa, treni huzima hapo au huleta shoti. Kama ni kichwa kimoja tu kinacholeta shoti kwenye pointi, pima umbali kati ya magurudumu yake kwa kipimo chake kabla ya kuilaumu pointi.

Baada ya yote hayo kukaguliwa ndipo dikoda iulizwe, na hata hapo si lazima ibadilishwe. Dikoda huhifadhi mipangilio yake katika nafasi zenye namba, na kila nafasi huandikwa thamani yake. Namba ya 1 ni anwani fupi, ambayo kiwandani huwekwa kuwa 3. Kichwa kipya kisichotii mara nyingi kinangoja tu kuitwa kwa 3. Namba ya 19 huonyesha kama kichwa kimefungwa kutembea pamoja na vingine, na ikiwa si sifuri, kichwa kinaweza kukataa kuendeshwa kwa anwani yake huku taa zikifanya kazi. Namba ya 29 hubeba mambo kadhaa kwa pamoja. Kwa kawaida huwa 6, ambapo dikoda inaruhusiwa pia kutembea kwenye umeme wa mfumo wa zamani. Ruhusa hiyo ndiyo chanzo cha treni zinazotoroka kwa kasi baada ya shoti, kwa kuwa dikoda hudhani imewekwa kwenye reli za zamani. Ukiandika 2 badala ya 6, au 34 badala ya 38 kwa kichwa chenye anwani ndefu, mchezo huo unakoma. Na kwa dikoda nyingi, kuandika 8 katika namba ya 8 hurudisha mipangilio ya kiwandani. Kifaa unachotolea amri kikisema hakuna jibu wakati wa kusoma namba hizi, usiogope: dikoda hujibu kwa kuvuta mkondo wa angalau miliampea 60 kwa milisekunde 6, kwa kawaida kupitia mota, na magurudumu machafu yanatosha kulifuta jibu hilo.

Mawili ya mwisho, kwa ajili ya wanaoanza. Multimita za bei nafuu zimetengenezwa kwa umeme wa mzunguko wa hezi 50, wakati umeme wa reli hizi hugeuka kati ya mara 5,000 na 8,600 kwa sekunde, kwa hiyo namba inayosomeka huenda isiwe sahihi. Itumie kwa kulinganisha, hapa na pale, kwa kifaa kilekile. Anayetaka namba ya kweli apitishe umeme huo kwenye daraja la dayodi nne, linaloufanya uende upande mmoja tu, apime kama umeme wa betri, kisha aongeze volti 1.4 zinazopotea ndani ya dayodi. Pili, wanaoletewa seti na jamaa walioko Marekani wasome kibandiko cha adapta kabla ya kuichomeka. Rafiki yangu wa Mombasa alichomeka transfoma ya volti 120 kwenye soketi yake ya volti 240. Harufu ilikaa chumbani siku mbili, na treni zenyewe, ambazo hazikuwa na kosa lolote, zilikaa kabatini miezi mitano zikingoja adapta nyingine. Adapta zilizoandikwa 100 hadi 240 hazina shida.

Naomba basi, Ndugu Mhariri, katika toleo lijalo mwaeleze wasomaji, hata kwa mistari miwili, kwamba ule ushauri wa kuongeza ampea usifuatwe hadi meza nzima imepita jaribio la sarafu. Mwandishi wa makala akipenda kuja kuliona jaribio lenyewe, nyumbani kwangu anakaribishwa siku yoyote, ingawa akija alasiri itabidi avumilie joto la bati.

Wenu,
Fundi mstaafu wa ishara za reli,
Chumbageni, Tanga